Mechi 141 zisizo na bao: kwa mabinti wanaoanza kucheza mbele

Wadogo zangu, nayaandika haya kwa wale ambao msimu huu mmekabidhiwa jezi ya mshambuliaji kwa mara ya kwanza. Nimecheza namba tisa kwa miaka kumi na moja katika viwanja vya Unguja, mingi yake pale Mnazi Mmoja, na sasa ni mwaka wa nne tangu nianze kuwafundisha wasichana wa skuli baada ya sala ya alasiri. Kila binti mpya huniuliza afanye nini ili afunge mabao mengi, na kabla ya kumjibu huwa namwomba kwanza anifanyie hesabu ndogo.

Christine Sinclair wa Kanada ndiye aliyefunga mabao mengi kuliko mchezaji mwengine yeyote, mwanamke au mwanamme, katika historia ya mpira wa timu za taifa. Alianza kuichezea nchi yake mwaka 2000 akiwa na miaka 16, akastaafu Disemba 2023 akiwa na miaka 40, na katika muda huo alicheza mechi 331 na kufunga mabao 190. Toeni 190 katika 331, zinabaki 141. Hata tukichukulia kwamba kila siku aliyofunga alifunga bao moja tu, bado ziko mechi zisizopungua 141 ambazo mfungaji huyu alitoka uwanjani bila ya bao. Na kwa kuwa siku nyingine alifunga mawili na nyingine matatu, idadi yenyewe ni kubwa zaidi ya hiyo. Basi swali la mwanzo kwa mshambuliaji, kwa maoni yangu, ni hili: siku ambayo hutafunga, utakuwa unafanya nini uwanjani?

Mimi hesabu hii sikuwa nayo nilipokuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa na daftari la skuli ambalo kurasa zake za nyuma niliziandika mabao yangu tu: tarehe, timu tuliyocheza nayo na mguu nilioutumia. Msimu mmoja zikapita mechi nne sijaandika kitu. Kabla ya mechi ya tano nilimwambia kocha kwamba kifundo cha mguu kinaniuma, na haikuwa kweli. Nilikaa nyumbani wiki tatu nikimsaidia mama kukaanga mandazi ya kuuza jioni, na kwa kuwa kwetu Kikwajuni hapako mbali na kiwanja, nilikuwa nazisikia kelele za mazoezi kila siku huku nikijifanya sisikii. Niliporudi nilikuwa mzito, na nafasi yangu alikuwa nayo mwenzangu ambaye hakufunga mabao mengi kuliko mimi lakini alikuwa hakosi siku. Msimu ule nilimaliza nikiwa benchi, na nilistahili hivyo.

Angalieni mashindano mawili ya Olimpiki ya Sinclair, kwa sababu kwangu mimi ndipo somo lote lilipo. London 2012, katika nusu fainali iliyochezwa Old Trafford, alifunga mabao yote matatu ya Kanada dhidi ya Marekani, na bado timu yake ikafungwa 4–3 mwishoni kabisa mwa dakika za nyongeza. Siku tatu baadaye wakaingia tena uwanjani, wakaifunga Ufaransa 1–0 na kupata medali ya shaba, naye akamaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao sita. Sasa njooni kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021. Safari hii alifunga bao moja tu, katika mechi ya kwanza dhidi ya Japani, ambayo ilikuwa mechi yake ya 300. Katika robo fainali dhidi ya Brazili, iliyoamuliwa kwa mikwaju ya penalti, alipiga penalti ya mwanzo ya timu yake na mlinda mlango akaiokoa. Katika nusu fainali, tena dhidi ya Marekani, Kanada ilipopata penalti aliuchukua mpira yeye, mwenye rekodi ya dunia, akamkabidhi Jessie Fleming, binti mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 14, na Fleming akafunga bao pekee la mechi. Katika fainali dhidi ya Sweden ni Sinclair aliyeangushwa ndani ya kumi na nane, Fleming akasawazisha kwa penalti hiyo, na dakika ya 86 kocha akamtoa Sinclair. Mikwaju ya penalti iliyowapa ushindi aliitazama akiwa nje. Kwa mabao sita alipata shaba, kwa bao moja akapata dhahabu. Mwaka ule wa bao moja hakuwa ameacha kazi yake ya mshambuliaji. Aliifanya ile sehemu ya kazi isiyoandikwa kwenye ubao wa matokeo.

Sehemu hiyo ndiyo ngumu kufundisha. Wasichana wengi wanaokuja kwangu husimama katikati ya mabeki wawili, wakinyoosha mkono na kuita wapewe, halafu hukasirika wasipopewa. Mabeki wanapenda sana mshambuliaji wa namna hiyo, kwa sababu wanamwona yeye na wanauona mpira kwa wakati mmoja. Nendeni mkasimame nyuma ya bega la beki, upande asiouangalia, ili akitaka kuwaona ninyi aupoteze mpira, na akiutazama mpira awapoteze ninyi. Winga anapoinua kichwa kutaka kupiga krosi, hapo ndipo mbio zenu zianze, si pale mguu wake unapougusa mpira, kwa kuwa wakati huo mmekwisha kuchelewa. Pigeni hatua mbili za kuondoka kwenye mpira, kisha kateni mbele ya beki kwa kasi. Mara tisa mpira hautafika. Kimbieni vilevile mara ya kumi.

Viwanja vyetu navyo vina elimu yake. Wakati wa masika, kiwanja kikishajaa tope, krosi ya chini hukwama kabla ya kufika, kwa hiyo sogeeni karibu na mlingoti wa mbele. Kiangazi ardhi ikiwa ngumu, mpira hudunda juu kuliko mnavyotarajia, na anayebaki hatua moja nyuma ndiye anayeukuta kifuani. Katika ardhi isiyo sawa walinda milango wengi huutema mpira wa kwanza, nami naweza kusema bila ya kutia chumvi kwamba karibu theluthi ya mabao yangu yalikuwa ya mpira uliotemwa, yaliyopatikana kwa sababu nililifuata kila shuti la mwenzangu kana kwamba ni pasi yangu. Kuhusu miguu, jifunzeni yote miwili mapema. Sinclair alifunga kwa kulia, kwa kushoto na kwa kichwa, na beki asiyejua mtageukia upande gani huchelewa nusu hatua. Ukuta wowote unatosha: mipira hamsini kila siku kwa mguu mnaoudharau.

Kuna jambo moja la Sinclair ambalo sikushaurini mliige. Katika mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia la 2011 mjini Berlin alivunjika pua, akakataa kutoka, na akafunga kwa mpira wa adhabu dhidi ya Ujerumani. Ushujaa wake nauheshimu, lakini binti yeyote wa timu yangu anayepigwa kichwani au usoni anatoka, hata kama tunafungwa na dakika zilizobaki ni tano, na asiyekubali kutoka hapangwi mechi inayofuata.

Wazazi wengine huogopa kwamba mpira utaharibu masomo, na hofu hiyo msiipuuze wala msibishane nayo kwa jeuri. Waelezeni kwamba Sinclair alisoma Chuo Kikuu cha Portland huku akicheza, na msimu wake wa mwisho pale, 2005, alifunga mabao 39. Kisha waonesheni ripoti ya skuli iliyo nzuri, maana bila ya hiyo maneno hayatasaidia. Na anayewaambia kwamba stara na mpira haviendi pamoja, mwambieni kwa adabu kwamba sheria za mpira zimeruhusu kufunika kichwa tangu 2014, na kwamba Nouhaila Benzina wa Moroko alicheza Kombe la Dunia la 2023 akiwa na hijabu.

Lile daftari nililibadilisha nilipofika miaka ishirini. Badala ya mabao nikaanza kuandika mara ngapi nimekata mbele ya beki, mashuti mangapi ya wenzangu nimeyafuata, na nafasi ngapi nimempa mwengine aliyesimama vizuri zaidi yangu. Mabao niliyaandika mwisho, kwa kalamu ileile. Ajabu yake ni kwamba yaliongezeka, ingawa la muhimu zaidi kwangu ni kuwa sikukimbia tena mazoezi, kwa sababu hata siku mbaya kulikuwa na kitu cha kuandika.

Penalti nazo zitawakosesha usingizi. Sinclair akiwa na miaka 40 alikosa moja katika Kombe la Dunia la 2023, Chiamaka Nnadozie wa Nigeria akaiokoa na mechi ikaisha 0–0, na siku tano baadaye alikuwa uwanjani tena. Mazoezini kwetu anayekosa penalti hapewi nyingine palepale. Anakwenda mbio kwenye bendera ya kona, anapiga kona, kisha anarudi mbio kumkaba beki wa pembeni kabla mpira haujavuka mstari wa kati, na wenzake wanaendelea kucheza bila ya kumsubiri.