Damu yangu ni nzuri, mbona naambiwa sina chuma?

Assalaam alaikum, Bi Mkubwa. Niko Langoni, Lamu, nina watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Nikipanda ngazi hadi darini nahema, nywele zanitoka, na kutwa natafuna barafu. Kliniki walipima damu wakasema 12.2, nzuri. Kisha daktari akaagiza kipimo cha feritini, kikatoka 8, akaniandikia vidonge vya chuma. Mume wangu auliza: damu nzuri, vidonge vya nini? Nami nauliza: hicho chuma hukaa wapi, na mbona hakishiki kutu?
Mama Watatu, Langoni

Waalaikum salaam, mwanangu. Nianze na kutu, maana miaka yote niliyokaa maabara hakuna aliyeniuliza hilo. Kinashika! Feritini ni protini ya duara yenye uwazi ndani, imeundwa kwa vipande 24. Humo mwili huweka atomu za chuma hadi 4,500 hivi, zikiwa zimeshikamana na oksijeni na maji, na madini yanayotokea ni ndugu wa kutu uionayo kwenye nanga. Ila hii imefungiwa. Chuma kikizurura huru mwilini huzalisha kemikali kali zinazounguza seli, na vijidudu vingi hukitafuta ili vizaliane. Feritini ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1937, na Mcheki Vilém Laufberger, kutoka kwenye bandama la farasi. (Farasi, si punda.)

Punda namleta mimi, kwa sababu ya protini ya pili, transferini, inayotengenezwa na ini na kuzunguka kwenye damu. Shogi lake lina pande mbili, na kila upande hubeba atomu moja tu ya chuma. Kwa kawaida theluthi moja hivi ya nafasi hizo ndiyo huwa imejaa. Akifika kwenye uboho wa mifupa, seli inayojiandaa kuwa chembe nyekundu humvuta ndani yeye na mzigo wake, humshusha chuma, kisha humrudisha njiani akiwa mtupu akachukue kingine.

Na mzigo mwingi hautoki sahanini. Uboho hutumia miligramu 20 hadi 25 za chuma kwa siku, ilhali chakula hutuingizia moja au mbili tu. Kilichobaki hutoka kwenye chembe nyekundu zilizozeeka, ambazo huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa kwenye bandama na ini na chuma chake kutumika upya.

Sasa mumeo. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma, na theluthi mbili hivi zimo kwenye himoglobini, protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni; hiyo ndiyo waliyoipima kliniki. Kikipungua, mwili hula akiba kwanza. Himoglobini huanguka mwishoni. Kwa mwanamke asiye mjamzito upungufu wa damu huhesabiwa himoglobini ikiwa chini ya 12, kwa hiyo 12.2 yako imepita kwa upenyo. Feritini chini ya 15, Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa akiba imekwisha. Wewe una 8, baada ya mimba tatu. Uchovu, nywele na hayo mabarafu vinaendana na hali hiyo.

Kidonge meza tumbo likiwa tupu, kwa maji yaliyokamuliwa ndimu. Chai na kahawa visubiri saa moja au mbili. Najua kumwambia mtu wa Lamu aache chai na mahamri ni kutafuta ugomvi. Sijasema uache, nimesema usimezee kidonge. Wala usimeze viwili ukidhani utapona upesi: ukishameza kimoja, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo hubana mlango wa chuma pale utumboni kwa kiasi cha siku nzima. Ndiyo maana siku hizi madaktari wengine huandika siku moja kumeza, siku moja kupumzika. Muulize wako. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Vidonge vifungie kabatini, kwani mtoto mdogo akivila vingi vyaweza kumuua.

Tende ni tamu, lakini gramu 100 zina miligramu moja tu hivi. Maini, nyama, samaki, na kunde zenye ndimu ndivyo vitakavyokusaidia. Damu ikishakuwa sawa utaendelea na vidonge miezi kadhaa, akiba ijae.

Bi Mkubwa, feritini yangu ni 540. Jirani asema niache nyama. Nilipimwa wiki ile tezo iliponikata mguu na kidonda kikatunga usaha.
Fundi wa majahazi, Matondoni

Kaka yangu, jirani amekimbilia nyama, kidonda hakukiona. Mwili ukipambana na usaha au homa hukifungia chuma ili vijidudu visikipate, na feritini hupanda. Ini lenye mafuta na pombe navyo huipandisha. Subiri kidonda kipone kabisa, urudie kipimo, na uombe pamoja nacho kile kinachoonyesha ni asilimia ngapi ya transferini imejaa. Ikizidi 45, daktari achunguze kama chuma chenyewe ndicho kimezidi. Kabla ya hapo kula nyama yako, ila vidonge vya kuongeza damu usiviguse.