Chagueni kipindi kimoja nyumbani, muangalie wote

Nenda pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, asubuhi, kaa na wale akina mama wa dagaa wakisubiri mzigo, utaona huyu anafuatilia sizoni ya Kituruki, mwenzie ya Kikorea, dogo wa mkokoteni ana klipu zake fupi fupi, na wote wamekesha wanaangalia. Ukimuuliza mmoja jana umeona nini inabidi akuhadithie tangu mwanzo nani kamuoa nani, na unachoka hajafika popote. Kwa kweli hili linaniuma. Vya kuangalia ni vingi mno ila cha kuongelea pamoja kesho yake hakuna.

Sisi tuliokulia bara, mpaka mwaka 1994 hatukuwa na kituo cha TV hata kimoja (Zanzibar walishaanza 1973), tulikuwa na RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) basi. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza 1993, yule Mkwaju dereva wa lori alisemwa kwenye foleni ya maji, kwa kinyozi, kwenye daladala, kila mahali, wengine wanamlaani wengine wanamtetea, na humo humo watu wakapata pa kuongelea UKIMWI na uzazi wa mpango bila aibu maana anayesemwa ni Mkwaju, sio mume wa jirani. Hicho ndo tulichopoteza jamani.

Sisemi turudi kule. Redio moja ya serikali maana yake na habari unasikia za upande mmoja, na leo kijana anajifunza ufundi simu YouTube bila kulipa ada, hilo silibezi kabisa.

Ila angalia Simba na Yanga. Siku ya derby Mwanza nzima inaongea lugha moja, vibanda umiza vya kuonyeshea mpira vinajaa mpaka watu wanachungulia dirishani, kwa sababu mechi inachezwa muda mmoja kwa wote na hakuna anayeweza kutangulia kujua mwisho. Siri iko hapo, na nyumbani inawezekana pia.

Kwetu Igoma ni Alhamisi baada ya chakula. Kipindi kimoja, TV moja, hedifoni zinawekwa kabatini. Tunachagua kwa zamu na zamu ya mtoto wa darasa la nne inaheshimiwa sawa na ya baba, hata akileta katuni tunakaa nayo mpaka iishe. Nakushauri msichukue muvi ya kuisha siku moja, chukueni kitu chenye vipande, kinachokatia pabaya, alafu mwiko mkubwa ni KUTANGULIA, mtu akiangalia kipande cha mbele peke yake kaharibu yani, kwa sababu ile wiki ya kusubiri na kubishana ndo yenyewe. Binti yangu na bibi yake walikuwa wanasalimiana tu wanapita, sa hivi wanagombana jikoni kuhusu mama mkwe wa kwenye tamthilia, bibi anamtetea, binti hataki, na katikati ya ugomvi bibi anaanza kusimulia alivyoolewa yeye. Hayo hatukuwahi kuyasikia.

Mtu wenu akiwa mbali msimwache. Kaka yangu yuko kisiwani Ukara, bando la kuangalia video kila wiki hana, kwa hiyo Ijumaa asubuhi tunampigia tunamhadithia kipande chote, na anabisha kuliko sisi tulioangalia.