Usiseme Umeiona Kabla Hujaiona

Katika miaka niliyorusha ndege ndogo baina ya Unguja na Pemba, kosa lililonitia khofu kuliko yote lilikuwa la neno moja tu nililolitamka redioni: nimeiona. Nilikuwa natoka Chake Chake alasiri, msimu wa kusi, ambapo ndege hutua Unguja zikielekea kusini na kuingia kwa upande wa mjini. Mwongoza ndege aliyekuwa mnarani alinitajia ndege iliyo mbele yangu na kunitaka niifuate, nami, huku jua la magharibi likinipiga usoni, nikaona kitu cheupe kinang'aa upande wa Bububu, nikajibu. Kumbe ilikuwa ndege nyingine. Niliyotakiwa kuifuata ilikuwa chini yangu, kushoto kidogo, na niliitambua kwa sababu tu rubani wake alitaja redioni mahali alipo na urefu wake.

Kwa vijana wetu wanaojifunza urubani, nataka mjue uzito wa neno hilo. Kabla hujalitamka, mwongoza ndege ana njia zake za kuzitenganisha ndege: kwa urefu, ambao kwa kawaida ni futi 1,000, au kwa umbali wa maili 3 hadi 5 za baharini panapotumika rada. Ukishasema unaiona, anaweza kukuachia wewe jukumu la kujitenga nayo, na kuanzia hapo kinga iliyobaki ni macho yako. Huko San Diego, tarehe 25 Septemba 1978, marubani wa ndege ya abiria walisema wanaiona ndege ndogo iliyokuwa mbele yao, kisha wakaipoteza bila ya kuueleza mnara waziwazi. Ndege hizo zikagongana, wakafa watu 144. Mjini Washington, tarehe 29 Januari 2025, wafanyakazi wa helikopta ya jeshi walisema wanaiona ndege waliyotajiwa na wakaomba kujitenga nayo wenyewe. Ulikuwa usiku; helikopta na ndege hiyo zikagongana, na watu 67 wakafa.

Muda wenyewe ni mchache mno. Ndege mbili zinazokuja uso kwa uso, kila moja kwa noti 160, yaani maili 160 za baharini kwa saa, humaliza maili 5 hizo kwa muda usiofika dakika moja. Tena ile ya hatari ndiyo isiyoonekana upesi, maana haisogei kwenye kioo. Inakaa palepale na kukua tu. Manahodha wetu wanalijua hilo tangu zamani, kwamba chombo kisichohama mahali pake machoni mwako ndicho mtakachogongana nacho. Kwa hiyo sogeza kichwa, chungulia nyuma ya nguzo ya dirisha, na kama bawa liko juu yako, linyanyue kidogo utazame kabla ya kupinda.



Jibu sahihi, pale usipokuwa na hakika, ni kusema bado unaitafuta, na ukiipoteza baada ya kuiona useme papo hapo. Tangu alasiri ile nililisema hilo mara nyingi bila ya kuona haya. Siku moja mwongoza ndege alinigeuza upande wa baharini, nikazunguka mara moja karibu na kisiwa cha Chapwani, na abiria wangu wakachelewa dakika chache kutua.