Bango kwenye tovuti kubwa au kwa jirani mdogo? Yaliyonikuta na tovuti yangu ya stempu

Ndugu wa Mbale, umeuliza hivi: una tovuti ya redio za zamani, tovuti moja ya habari inataka shilingi 150,000 kwa mwezi ikuwekee bango la tangazo juu kabisa ya ukurasa, na wewe unataka kujua kama hela hiyo itarudi. Mimi nilishatoa hela ya namna hiyo. Haikurudi.

Tovuti yangu ni ya stempu za Uganda, pamoja na zile za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizoanza 1935. Naiendesha hapa Kampala, usiku baada ya kazi. Mwaka 2019 nililipia miezi mitatu kwenye tovuti ya habari (siitaji, hawakunidanganya kitu). Mwezi wa kwanza nilishangilia, wageni zaidi ya mia nne! Kisha nikatazama walikaa muda gani. Wengi hawakufikisha sekunde tano. Watu wanasoma habari kwa simu, kidole gumba kinateleza juu ya bango, mtu anajikuta kwenye stempu asizozitaka, anarudi alikotoka mbio. Miezi mitatu yote hakuna hata mmoja aliyeniandikia.

Baadaye nikakubaliana na jamaa mwenye tovuti ya sarafu na noti za zamani: yeye aweke bango langu, mimi niweke lake, hakuna hela. Wageni wake wa siku nzima hawajazi taksi mbili, yaani daladala, pale Old Taxi Park hapa Kampala. Lakini waliokuja walikaa. Walifungua kurasa tano, sita, na wiki ya pili mzee mmoja wa Jinja akaniandikia kwamba anazo bahasha za marehemu baba yake, mihuri ya posta ya miaka ya 1940 bado inasomeka. Anayetunza noti zisizonunua kitu tayari ana ugonjwa kama wetu, huhitaji kumshawishi. Kwako wewe, majirani ni wakusanyaji wa santuri, mafundi wa vyombo vya umeme, na wale wanaokesha wakitafuta stesheni za mawimbi mafupi. Anzia hapo.

Bango lenyewe sasa, maana hapa ndipo nilipochekwa. Nilikwenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kwa kijana hodari wa kutengeneza kadi za harusi na mabango ya wagombea. Kazi ilipendeza, ila aliifanya kama kitu cha kuchapwa: faili la megabaiti sita, na rangi zake zimepangwa kwa ajili ya wino na karatasi, hivyo kwenye simu nyekundu ikaonekana kama damu iliyokauka. Jamaa wa sarafu akanipigia: "Ssebo, wageni wangu utawanunulia bando wewe?" Alikuwa na haki. Siku zile tulikuwa tunalipa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili kuingia mitandao ya kijamii, na tangu Julai 2021 tunakatwa asilimia 12 kwenye data yenyewe. Bango langu la sasa halizidi kilobaiti 40. Kipimo ni pikseli 300 kwa 250. Kile cha 468 kwa 60, kilichozoeleka tangu miaka ya 1990, kiliwafaa wenye kompyuta za mezani. Kwenye simu maandishi yanakuwa sisimizi.

Maneno nayo. Bango la kwanza lilisema "Karibu kwenye tovuti bora ya stempu Afrika Mashariki". Nani atabofya hapo? La pili lina picha ya kipande cha karatasi kilichofifia na maneno haya: "Stempu hii ya 1895 ilipigwa taipu Mengo. Bei yake: simbi 20." Na ni kweli tupu: simbi ni kauri, zamani zilitumika kama fedha. Mmisionari Ernest Millar alizipiga stempu hizo kwa mashine yake ya taipu, na wakati huo simbi 200 zilikuwa rupia moja. (Ndiyo maana mpaka leo Waganda wakitaja hela wanasema ensimbi.) Nikamwomba jamaa alitoe bango kichwani mwa tovuti, aliweke mwishoni mwa makala yake ya simbi kama fedha. Wanaobofya wakazidi mara tatu, na ukurasa ni uleule.

Mengine nayapitia haraka. Faili usiliite "banner" wala usiliweke kwenye folda iitwayo "ads", programu za kuzuia matangazo zitalificha na wewe utadhani watu hawakupendi; langu linaitwa simbi20. Picha ya bango la mwenzako iweke kwenye seva yako, na yeye vivyo hivyo, ili seva yake ikizima pasibaki shimo kwenye ukurasa wako. Kiungo kipe alama ya utm (maneno yanayoongezwa mwishoni mwa anwani) ujue nani katoka wapi. Tena Google haipendi viungo vya kubadilishana kupita kiasi wala vya kulipiwa vinavyojificha, kwa hiyo kwenye msimbo wa kiungo tia nofollow au sponsored, maneno yanayoiambia Google isikihesabu. Unatafuta wasomaji, si cheo kwenye Google.

Usiniambie "si niende tu Facebook". Kundi letu la stempu lilikuwa huko. Januari 2021 ikafungwa nchini, wengi hawakuwa na VPN (programu ya kukwepa kufungiwa), kundi likapoa. Yale mabango mawili matatu ya majirani yakaendelea kuniletea watu.

Hiyo 150,000 mpe mpiga picha, akupigie redio zako tatu kwa mwanga mzuri. Halafu tuambie hapa: kati ya zote, ni ipi yenye kisa? Hiyo ndiyo tuitafutie maneno ya bango.