Kabla hujamwambia manusura "hii ni siri yetu"

Ukianza kazi ya utetezi wa manusura wa ukatili wa majumbani kwenye maeneo ya Wenyeji wa Asili wa Marekani, omba kwanza sheria za kabila lenyewe uzisome mpaka sura ya ushahidi. Makabila yanayotambuliwa na serikali kuu yanazidi 570, na mengi yana mahakama zao. Baadhi yameandika wazi kwamba mtetezi halazimishwi kutoa ushahidi kuhusu aliyoambiwa na manusura. Mengine yako kimya. Wewe si wakili, kwa hiyo kinga ya siri kati ya wakili na mteja wake haikuhusu.

Wengi huchanganya mambo hapa. Mradi unaopata ruzuku chini ya VAWA, sheria ya shirikisho ya 1994 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, hauruhusiwi kutoa taarifa za mteja bila idhini yake ya maandishi yenye muda maalumu. Akikataa kusaini, humnyimi huduma. Ila amri ya mahakama ikija, sharti hilo peke yake halikukingi. Utalazimika angalau kujitahidi kumjulisha manusura na kulinda usalama wake. Na tangu VAWA ilipobadilishwa 2013 na 2022, makabila yanayotimiza masharti yanaweza kumshtaki hata asiye Mwenyeji wa Asili kwa ukatili wa majumbani. Mshtakiwa huyo ana wakili, na wakili makini ataulizia faili lako. Basi andika kidogo: tarehe, huduma uliyotoa, basi. "Alionekana amelewa" haina kazi humo.

Ukiajiriwa na ofisi ya mwendesha mashtaka, mipaka ni mingine kabisa. Uliza siku ya kwanza.

Kisha kuna udogo wa jamii, ambao hakuna sheria inayoutibu. Karani wa mahakama ni shangazi yake mume. Gari lako likisimama mbele ya nyumba fulani, jioni kila mtu ameshajua. Mtu akipiga simu, "Dada yangu yupo hapo?", jibu ni lile lile awepo asiwepo: "Hatusemi nani yupo wala nani hayupo." Ukisema "hayupo" Jumatatu, halafu Jumanne ukasita, umeshamtaja.

La watoto lina sheria yake. Sheria ya shirikisho imetaja kazi ambazo wenye nazo lazima waripoti mtoto anapodhulumiwa katika maeneo hayo, na kabila laweza kuongeza zake. Jua kama kazi yako imo, umwambie manusura kabla hajaanza kusimulia. Akishamtaja mtoto, umechelewa.