Mbona hewa ya bondeni huchafuka alfajiri za baridi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi naishi bondeni, dada yangu anaishi mlimani, si mbali na kwangu. Sote tuna vile vifaa vidogo vya kupimia PM2.5, yaani chembechembe ndogo mno zinazoelea hewani. Majira ya baridi changu hupanda vibaya kuanzia alfajiri hadi kwenye saa tatu au saa nne asubuhi, kisha hushuka chenyewe, ingawa magari hayapungui barabarani. Cha dada hakitikisiki. Je, changu ni kibovu? Na mbona majira ya joto tunaonywa kuhusu hewa ya mchana, si ya asubuhi?

JIBU: Kifaa chako ni kizima, ingawa nina shaka nacho kidogo, nitaieleza hapo chini. Moshi wa saa moja asubuhi na wa saa nane mchana unaweza kuwa kiasi kilekile. Kinachobadilika ni nafasi ulio nayo moshi huo ya kutawanyika.

Mchana jua huipasha ardhi, ardhi huipasha hewa inayoigusa, na hewa ya moto hupanda ikichanganyika na ya juu. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita unayopanda, kwa hiyo hewa ya moto kutoka chini haikosi njia. Usiku usio na mawingu mambo hupinduka. Ardhi hupoa upesi na kuipoza hewa ya chini, ile ya juu ikabaki na joto. Hewa baridi ni nzito, hainyanyuki, na ile yenye joto iliyo juu yake inakuwa mfuniko. Kibaya zaidi kwako, hewa iliyopoa kwenye miteremko huteremka usiku kucha na kutuama huko bondeni. Dada yako yuko juu ya mfuniko. Wewe uko ndani.

Piga hesabu. Ikiwa mchana moshi unachanganyika hadi mita 1,500 kwenda juu, na alfajiri unaishia mita 150, moshi uleule utakuwa mzito mara kumi. Huhitaji hata kifaa kuliona hili. Asubuhi tulivu yenye baridi, tazama moshi wa dohani: hupanda wima, halafu ghafla hugota na kutandaa ubavuni. Hapo ulipogota ndipo mfuniko ulipo. Jua likishaipasha ardhi vya kutosha, moshi huanza kupanda bila kizuizi, na ndiyo saa ambayo kifaa chako hushuka.

Siku za baridi kali, jua likiwa dhaifu na upepo hakuna, mfuniko unaweza kukaa siku kadhaa bila kuvunjika. Ndivyo ilivyokuwa katika bonde la mto Meuse, Ubelgiji, Desemba 1930, ambako watu wapatao 60 walikufa, na Donora, Marekani, Oktoba 1948. London ya Desemba 1952 haikuwa hata kwenye bonde la kina: moshi wa makaa ya mawe, ukungu na hewa iliyosimama kwa siku tano vilitosha kuua maelfu.

Hewa ya majira ya joto ina kisa kingine: onyo la mchana huhusu ozoni, gesi inayowasha mapafu. Ozoni haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari. Huundwa na jua kali kutokana na oksidi za naitrojeni (gesi zilizomo kwenye moshi wa magari) na mvuke wa petroli, rangi, viyeyushi, hata miti. Ndiyo maana hufikia kilele mchana na alasiri. Na hapa huenda dada yako ndiye mwenye hali mbaya zaidi, kwa sababu moshi mbichi wa magari huila ozoni iliyo karibu na barabara, lakini huko mlimani moshi huo ni haba. Usidhani pia kwamba mfuniko ni wa baridi tu: Los Angeles huupata majira ya joto, kwa hewa baridi ya bahari iliyobanwa na milima chini ya hewa yenye joto. Kifaa chako hakipimi ozoni kabisa, hivyo kikionyesha hewa safi saa tisa alasiri ya jua kali, usikichukulie kuwa kimemaliza maneno.

Sasa shaka yangu. Vifaa hivi hupima kwa kumulika chembe na kusoma mwanga unaotawanyika. Unyevu ukizidi, chembe hunywa maji na kuvimba, na kifaa husoma juu kuliko uhalisia. Asubuhi yenye ukungu, sehemu ya namba yako ni maji tu.

Kwa hiyo majira ya baridi fungua madirisha adhuhuri, si alfajiri. Majira ya joto fanya mazoezi mapema. Na kabla ya kuendelea kulinganisha namba, chukua kifaa cha dada, kiweke kando ya chako kwa siku tatu nne. Vikisoma tofauti vikiwa mahali pamoja, toa tofauti hiyo kwanza.