Deni Lako: Nani Ajue, Nani Asijue

Wengi hujiuliza "niseme au nisiseme?" wakati deni lenyewe limeshasema. Barua ya utambulisho ilitoka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Afisa mikopo alikuja nyumbani akapiga picha friji na makochi. Wanakikoba wawili, wenzako wa kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, walitia saini ya udhamini, na namba ya dada yako iliandikwa kwenye programu ya simu kama mtu wa dharura. Watu watano wanajua, isipokuwa unayelala naye kitanda kimoja.

Jiulize hivi: ni nani ambaye mfuko wake, jina lake, simu yake au mali yake tayari imo ndani ya deni hili? Huyo lazima ajue, tena kabla rejesho halijapita tarehe. Ambaye hayumo kwa lolote kati ya hayo manne, kumwambia ni hiari, na mara nyingi ni kujitafutia maneno tu.

Ila usimwambie mtu yeyote kabla hujaandika. Chukua ukurasa mmoja wa daftari, uchore safu tano: nani anadai, ulipokea kiasi gani mkononi, kimebaki kiasi gani, rejesho ni lini, na nani au nini kimewekwa dhamana. Tuseme ni mama au baba mwenye kibanda cha mitumba. Ukurasa wake utasomeka hivi:

Mkopo wa siku: nilipokea 450,000, zimebaki 286,000, rejesho kila siku 22,000, dhamana friji na runinga.
Kikoba: nilipokea 900,000, zimebaki 600,000, rejesho kila mwezi, wadhamini wawili na hisa zangu.
Programu ya simu: zimebaki 85,000, mwisho Alhamisi, namba za dharura ni dada na jirani.
Duka la mangi: 47,000, hakuna dhamana.
Rafiki wa kazini: 120,000, hakuna maandishi.
Jumla: 1,138,000.

Mstari wa kwanza ndio unaoua, ingawa si mkubwa kuliko yote. Mkopo uliandikwa 500,000, zikakatwa 50,000 za fomu na "huduma", marejesho ni 22,000 kwa siku 30, yaani 660,000. Kwa 450,000 zilizofika mkononi, gharama ni 210,000 ndani ya mwezi mmoja, karibu asilimia 47. Ndiyo maana mtaani mikopo hii imeitwa kausha damu. Kibanda kinachoingiza faida ya 30,000 kwa siku kinabakiwa na 8,000 za chakula, nauli na ushuru. Ikinyesha mvua siku mbili, mtu anafungua mkopo wa pili ili alipe wa kwanza, na wa pili ndio huo wa programu ya simu. Ukionyesha hesabu hii kwa maandishi, msikilizaji anaona jinsi deni lilivyokua. Ukiisimulia kwa mdomo tu, anasikia uzembe.

Mwenzako wa ndoa

Huyu ndiye wa kwanza, karibu kila mara. Vitu vilivyopigwa picha ni vya nyumba nzima. Wakopeshaji wa siku huja mlangoni, na kwa kawaida huja ukiwa haupo. Kama kilichowekwa ni nyumba yenyewe, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wapo waliompeleka mtu mwingine ajifanye mke au mume ili asaini. Kama hilo limefanyika, liseme siku hiyohiyo pamoja na deni, na mtafute mwanasheria. Usilibakize.

Mtumishi wa mshahara ana lake. Makato ya mtumishi wa umma hayatakiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwa hiyo benki ikikataa, mwalimu anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani anayeshikilia kadi ya benki na namba ya siri. Hapo mwenzako anaona mshahara hauingii nyumbani na anatafsiri anavyojua. Tafsiri ya kwanza huwa nyumba ndogo, si deni. Kuzuia kadi benki na kuchukua mpya si jambo gumu, lakini mkopeshaji atatokea shuleni wiki hiyohiyo, kwa hiyo mwenza aambiwe kabla ya kadi kuzuiwa. Deni halifutiki kwa kubadilisha kadi. Mwandikie mkopeshaji kiwango utakachompa kila mwezi, na ubaki na nakala.

Namna ya kusema. Chagua jioni ambayo watoto wamelala na kesho yake si siku ya rejesho. Jumla itangulie. Sisi tuna desturi ya kuzunguka: "unajua hali ya biashara, unajua mwaka huu ulivyokuwa..." Kufikia dakika ya tano msikilizaji ameshawaza ugonjwa, ameshawaza mimba ya nje, na namba inapotoka anakuwa amechoka na amekasirika kwa mambo ambayo hata hayapo. Sema hivi:

"Mama watoto, nina deni la milioni moja, laki moja na elfu thelathini na nane. Yote yameandikwa hapa, hakuna jingine nje ya karatasi hii. Friji na runinga vipo dhamana. Nimelipa mpaka Jumamosi, kwa hiyo kesho hakuna atakayekuja."

Halafu nyamaza, mpe karatasi asome. Atauliza zilikwenda wapi. Jibu kwa kiasi na tarehe, hata kama jibu ni aibu, kama kamari za mpira. Usiku huo usimwombe chochote: si hela, si dhahabu zake, si hisa zake za kikoba. Kuungama na kuomba katika kikao kimoja kunafanya maungamo yaonekane ni mtego. Mpango mzungumze baada ya siku mbili au tatu.

Kosa kubwa kuliko kunyamaza ni kusema nusu. Mtu anataja laki nne ili apime hali ya hewa, mwenzake anavunja kibubu wanalipa, wanapumua, kisha mwezi unaofuata laki saba zilizobaki zinabisha hodi. Mara ya pili hata ukisema kweli tupu hutaaminika. Kama bado hujajua jumla, subiri siku tatu upige simu kote, ndipo useme.

Kuna nyumba ambazo ushauri huu haufai hivyo ulivyo. Kama kuna kipigo, au kama mwenzako ndiye anayekulazimisha kukopa, usikae naye peke yako usiku na karatasi. Anza na wasimamizi wenu wa ndoa, au somo wako, au shangazi anayesikilizwa, na awepo siku ya kusema. Watu hawa walipewa kazi hiyo siku ya harusi. Wengi tunawakumbuka tu kwenye albamu.

Wadhamini

Mdhamini aambiwe angalau siku tatu kabla ya rejesho unaloona litakwama. Baada ya kukwama, simu yako haina tena thamani kwake, kwa sababu mweka hazina ameshampigia. Kwenye vikoba vingi unakopa mpaka mara tatu ya hisa zako. Kwa hisa za 300,000 ulichukua 900,000, na hizo 600,000 za juu zinasimama mgongoni mwa wenzako. Ukikwama, hisa za mdhamini zinashikiliwa na yeye hawezi kukopa ada ya mtoto. Mwambie hivyo hivyo: "Dada, rejesho la tarehe 28 sitalifikisha lote, nina elfu sitini kati ya laki. Naomba twende wote kwa mwenyekiti kabla ya kikao." Kwenda wawili kabla ya kikao ni tofauti kabisa na kuanikwa ndani ya kikao. Vikundi vingi vina kipengele cha kuongeza muda kwa faini ndogo, lakini ni kwa anayeomba kabla.

Walio kwenye simu yako

Programu nyingi za mikopo huomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu. Ukichelewa siku moja, bosi, fundi cherehani na mchungaji wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tafuta kama yako imo. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye programu hiyo, kisha ruhusa, uzime majina, picha na ujumbe. Hilo halirudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa, na kufuta programu pia hakuyarudishi. Piga picha ya skrini ya kila tishio lenye namba na saa. Malalamiko hupelekwa Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa walioko Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mkopaji.

Kwa kundi hili huhitaji kikao. Watumie ujumbe mmoja wale kumi au kumi na watano unaojali watakuonaje: "Huenda mkapata ujumbe kuhusu mkopo wangu. Deni lipo na ninalilipa. Tafadhali msitume hela kwa namba yoyote, hata wakisema ni kwa niaba yangu." Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu zaidi, maana shangazi mwenye huruma akitishwa kidogo analipa kwa namba ya mtu binafsi, na deni linabaki palepale.

Ambao si lazima

Grupu la ukoo la WhatsApp, hapana. Wafanyakazi wenzako, hapana, isipokuwa yule anayekudai. Mama mzee mwenye presha kijijini, fikiri mara mbili: hatakupa ushauri, atauza ng'ombe au kipande cha shamba kwa bei ya haraka ili akuokoe na deni ambalo kikoba kingekuongezea muda wa miezi miwili. Watoto wakubwa waambiwe kinachowagusa tu, kwamba muhula huu hakuna bweni, bila majina ya wanaodai.

Kwenye michango huhitaji kueleza deni ili upunguze. Kamati ya harusi ikikuandikia 100,000, jibu mapema: "Mwaka huu nitatoa 20,000, nitaileta kabla ya kikao cha tatu." Ukiahidi laki ili kuficha hali, kamati itakudai nayo, na mstari wa sita utaongezeka kwenye daftari.

Ndugu akijitolea kukusaidia, mwulize palepale kama ni zawadi au mkopo, uandike. Hela isipite mkononi mwako. Ilipwe moja kwa moja kwa anayedai, ikianza na ule wa 22,000 kwa siku, kwa sababu kila siku inayopita ina faini yake. Duka la mangi litasubiri. Siku ya kumaliza dai risiti ya mwisho, mkataba wako, na kadi kama ilishikwa. Na kabla hujafika huko, watu wakija kubeba vitu, mwite mwenyekiti wa mtaa awepo, na kila kitu kinachotoka kiandikwe, maana runinga ya laki tatu hugeuka ya elfu themanini ikishavuka kizingiti.

Kuna msiri mmoja zaidi ambaye karibu wote tunamsahau: atakayesimama makaburini kutangaza, "Anayemdai marehemu awaone wafiwa." Waislamu wanajua madeni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na msimamizi wa mirathi wa dini yoyote ile atakutana na wadai. Bila maandishi, wanaojitokeza huwa ni wengi kuliko waliokukopesha. Kwa hiyo ule ukurasa ukae kwenye bahasha pamoja na vyeti vya watoto, mtu mmoja ajue bahasha iko wapi, na kila Jumapili jioni ukate kwa kalamu kilicholipwa, uandike tarehe pembeni.